Nyumba ya Dangbe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe saba Januari, siku tatu kabla ya sikukuu ya dini ya jadi, na aliyeyaharibu ni Kpadonou kwa mikono yake mwenyewe, ingawa ukimuuliza hadi leo atakwambia ni kamati.

Asubuhi hiyo alimtoa chatu kwenye chungu cha marehemu mkewe, akamzungusha shingoni, akampeleka kwenye nyumba mpya ya vioo pembeni ya barabara iendayo Ouidah. Mkewe Houefa alikuwa amewekwa wakfu kwa Dangbe, mungu chatu, tangu usichana. Chatu huyo, mfupi, mnene, mwenye kovu la jembe mkiani, alilala chumbani mwao miaka na miaka, ndani ya chungu kilicholazwa ubavu nyuma ya mlango. Jioni alitoka kutafuta panya, alfajiri alirudi. Asiporudi, jirani aliyemkuta njiani alipiga magoti, akamwamkia, akambeba na kumrudisha. Ndivyo wanavyoishi watu wa huko. Ukimkuta Baba, kama wanavyomwita kila chatu, kapotea, unampeleka kwake, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuuliza kwake ni wapi.

Sasa alimtoa kwa nini? Zannou, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuja na viatu vyake vya kung'aa akakuta paa linavuja na mjane wa kiume anakula gari kavu, ule unga wa muhogo uliokaangwa, kwa sababu hajui kupika kitu kingine. Akaeleza habari za taa ya joto, beseni la maji, mlinzi na kufuli. Wageni wa sikukuu wangewaona chatu wote wa mtaa mahali pamoja.

"Mzee, chungu ni cha mchuzi," alisema. "Baba anastahili nyumba. Na kufuli ni kwa ajili yake, asije akakanyagwa na pikipiki."

Kpadonou akaona haya. Hata Houefa, yeye mumewe hakuwahi kumjengea nyumba ya maana. Akaona afadhali mmoja wao aipate.

Sikukuu ilipofika alikwenda kumtazama. Wageni walikuwa wakigonga kioo kwa pete na simu. Mle ndani hapakuwa na shimo, kigae, wala hata jani la kujisitiri. Taa iliwaka juu usiku na mchana. Chatu wake alikuwa amejikunja kama mpira, kichwa kimefichwa katikati, na panya waliotupiwa walikuwa wakimpanda mgongoni bila wasiwasi. Kpadonou akaomba arudishiwe. Zannou akasema asubiri wageni waondoke. Walipoondoka akasema asubiri mkubwa fulani kutoka Cotonou aje kukata utepe. Mkubwa alikuja, akakata, akala, akaondoka, na bado kukawa na jambo jingine la kusubiri.

Mwezi haujaisha, chatu wawili wakafa. Walizikwa kama wanavyozikwa watu, kwa sanda nyeupe na ngoma, na Zannou akatoa hotuba. Kpadonou alisimama nyuma akiwatazama. Kamati hiyohiyo ndiyo iliyosimamia zahanati isiyo na dawa, Houefa akafia kwenye benchi akisubiri zamu. Siku ya kumzika hawakuja hata kushika jeneza. Leo wanajua kulia.

Kesho yake mlinzi aliufungua mlango apate kufagia, kisha akavuka barabara kununua akasa, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa. Kpadonou aliingia, akamtafuta mwenye kovu, akamtia ndani ya shati, akaondoka kama mtu aliyetoka kusali. Chungu kilikuwa palepale. Chatu alijipenyeza hadi mwisho kabisa, akabaki kimya mchana kutwa. Jioni alitoka, akakamata panya kwenye kona ya jikoni, na Kpadonou, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba, akacheka peke yake.

Lakini kamati ilikwisha kupitisha mpiga mbiu mtaani akitangaza kwamba makao ya Baba sasa ni nyumba ya vioo. Kwa hiyo jirani wa kwanza aliyemkuta chatu yule njiani alipiga magoti, akamwamkia kwa heshima zote, akampeleka huko. Kisha akapita kwa Kpadonou kumpa habari, akitegemea shukrani. Ungemgombeza kwa lipi? Kpadonou akashukuru, akamwiba tena mlinzi alipovuka kufuata akasa yake. Safari hii mama mmoja mcha Mungu alimrudisha kwenye vioo kabla jua halijapanda, akimwimbia njia nzima.

Alipomwiba mara ya tatu, Kpadonou aliweka jiwe la kusagia kwenye mdomo wa chungu.

"Ni kwa ajili yako," alimwambia chatu.

Aliamka akakuta jiwe limesukumwa kando na chungu kitupu. Alitafuta chini ya kitanda, kwenye nguo za Houefa ambazo hajazigawa, chooni, kisimani. Moyoni alikuwa na hakika ya jambo moja: akitoka, atakuwa anarudi hapa. Anapapenda hapa.

Alimkuta kwa Ablavi, mkaanga samaki, shoga wa Houefa. Chatu hakuwa amekwenda kwenye vioo, wala hakuwa njiani kurudi chunguni. Alikuwa amejificha ndani ya mlundo wa kuni wa Ablavi, katikati ya magogo, macho yamefanya ukungu wa kujivua ngozi. Ablavi alikwisha mtoa na kumweka begani, anatoka nje kumrudisha kama desturi, alipoona Zannou anakuja na mlinzi wake kutoka upande wa barabara, na Kpadonou anakuja kutoka upande wa pili, chungu kifuani.

"Mlete hapa, mama," Zannou alisema. "Mzee huyu ni mwizi."

"Mwizi wewe uliyemtia kwenye kabati la vikombe," Kpadonou akajibu. "Shemeji, nipe. Unajua alikokuwa akilala."

"Chungu nakijua. Na jiwe je?" Ablavi aliuliza. "Alama yake hii hapa, kakwaruzika pua, na unga wa jiwe lako la kusagia bado umemganda. Nyie wote mnampenda, kila mmoja na kufuli lake."

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, wengine wamekwisha piga magoti. Kpadonou alifungua mdomo aseme ni kamati. Akauona ule mkwaruzo puani, akakitua chungu chini. Chatu alijisogeza taratibu shingoni mwa Ablavi, ulimi ukionja hewa, kichwa kikielekea kwenye kuni.

"Haya, wenye nyumba," Ablavi alisema. "Nimempata kapotea. Kwake ni wapi?"