Usimzibie Mlango

Mkwe wangu nilikuwa sitaki hata kumsikia. Kazini wanamwita Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, na hizo cheche binti yangu alizipata nyumbani. Alipompiga mara ya mwisho nilikwenda kumchukua mwanangu na mabegi yake, nikamleta hapa kwenye cherehani yangu na mafurushi ya vitambaa. Nikaapa harudi ng'o.

Kisha nikasikia Cheche amejiunga na darasa la wanaume wanaopiga wake zao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jitu zima na ndevu zake linafundishwa kutopiga!

"Mama, usicheke," binti yangu akaniambia. "Dada anayeliendesha hilo darasa hunipigia simu mimi, kuniuliza mambo yakoje. Maneno ya Cheche peke yake hawayachukui."

Hapo nikaacha kucheka.

Jumapili akaja kumwomba mkewe arudi. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nikajisemea leo ndiyo leo, asemaye kesho mwongo. Nikammwagia yote, nikamtukania mpaka malezi ya mama yake. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akasimama.

"Mama, hasira zinanipanda. Natoka nje, narudi baada ya nusu saa."

Ala! Kwangu mimi, mtoto kusimama mkubwa anaposema ni dharau tupu. Nikaruka mpaka mlangoni, nikatanua mikono.

"Hutoki! Leo utanisikiliza!"

"Mama, mpishe!" binti yangu akapiga kelele. "Ndivyo wanavyofundishwa: aseme, atoke, arudi. Usimzibie mlango!"

Nikamtazama Cheche. Ngumi amezikunja, pumzi zinamtoka puani. Niliogopa, kusema kweli, na nikajilaumu kwa kiherehere changu. Lakini akarudi nyuma mpaka ukutani, akajishusha sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, akafungua viganja akaviweka magotini. Nikapisha. Akainuka, akapita bila kunigusa hata kwa kanzu.

Nusu saa ilipotimia nikasikia hodi. Hakuingia mpaka tulipomkaribisha.

"Mke wangu," akasema, "utarudi nyumbani?"

Binti yangu alikuwa akifumua pindo la sketi ya mteja. "Hapana. Na sijui kama nitarudi."

Mimi mkasi nilikuwa nao mkononi tayari, lolote na liwe.

"Sawa," Cheche akasema. Machozi yalimlenga. "Tulishaambiwa darasani, kuhudhuria si kununua mke. Nitaendelea kwenda hata hivyo."

Akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Nikaweka mkasi mezani, nikashusha pumzi. Binti yangu alikuwa bado ameshika ile sketi, ananitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Mama, umeona? Nimemwambia hapana, na sikujikinga uso."