Nani Kasema, na Picha Iko Wapi?

Mlango wa duka la Kinyozi ulikuwa mlango mwema, haujawahi kugombana na mtu, mpaka mtu mmoja mwenye nondo, tumwite Pandikizi, alipoupiga teke ukatangulia kuingia kabla yake.

Naomba niwatambulishe waliokuwemo, kama tunavyofunzwa kwenye mdahalo. Kwenye kiti cha kunyolea alikaa kaka yangu, laptopu mapajani. Kando yake alisimama Kinyozi, mwenye duka. Kwenye benchi la wateja nilikaa mimi, binti wa shule ya bweni niliyerudishwa nyumbani baada ya mbuzi fulani kukutwa amefungwa kwenye kamba ya kengele, kengele ikilia kila mbuzi alipoyafuata majani. Uchunguzi unaendelea, kwa hiyo sitasema zaidi.

Kaka, Kinyozi na Nesi, ambaye mchana huo alikuwa zamu hospitalini, ndio waliokuwa wenye blogu. Zamani kila mmoja alikuwa na yake: Kaka aliandika juu ya kutengeneza simu, Kinyozi juu ya mpira, Nesi juu ya watoto wachanga. Kisha wakaingiwa na wazo kwamba Mama Jaji, jaji mstaafu aliyewahi kumfunga waziri, agombee urais. Mama Jaji mwenyewe hakuwa amesema ndiyo wala hapana, na hakuna aliyemuuliza. Ukisoma namna ya kukausha simu iliyoingia maji, mwishoni unakuta: "Mama Jaji, ingia ulingoni." Ukisoma dawa ya upele wa nepi: "Mama Jaji, ingia ulingoni." Wasomaji wakaja kama siafu. Watatu hao wakafungua blogu moja ya pamoja, yenye sheria moja: habari haiendi hewani mpaka wenzako wawili waipitishe, kila mtu kwenye simu yake. Nesi ndiye aliyekuwa mwiba. Hata ukiandika kwamba jua limechomoza, atakuuliza: "Nani kasema, na picha iko wapi?"

Nyuma ya Pandikizi aliingia bwana mfupi mwenye suti na tai, akaukanyaga mlango kama zulia la ikulu.

"Vijana, hamjambo. Mama Jaji amejitoa. Andikeni."

"Amejitoa wapi, mzee? Mbona hata hajaingia?" Kinyozi aliuliza.

Kwa mchango huo Pandikizi alimpiga nondo ya mdomo. Jino likaruka, likatua kwenye bakuli la povu la kunyolea, likazama taratibu. Kinyozi alikaa chini akiwa ameshika kidevu kwa mikono miwili, kana kwamba nacho kingeanguka.

"Mimi siandiki," Kaka alisema.

Pandikizi alimvuta mpaka kwenye kabati la taulo, akakiingiza kidole kidogo cha Kaka kwenye droo, akaifunga droo kwa nyonga. Mlio wake ulikuwa wa karanga inayovunjika. Sauti aliyotoa Kaka sikuwahi kuisikia, na nimelala chumba kimoja naye utoto wangu wote.

"Bado kuna vingine," alisema Mwenye Tai. "Wewe binti, andika."

"Usiandike, mdogo wangu."

Niliandika kwenye laptopu ya Kaka. Mwenye Tai alisimama begani kwangu akisoma herufi moja moja, akinuka marashi. Habari ikaenda kwa Kinyozi, naye akaipitisha kwa kidole chenye damu. Tukangoja.

"Mbona haitoki?"

"Wanatakiwa wawili, mzee. Bado Nesi."

Jibu la Nesi likaingia. Mwenye Tai alilisoma kwa sauti, akilikunjia uso: "Nani kasema, na picha iko wapi?"

"Huyu naye ni nani?"

"Ndiye mkali wetu," nilisema.

"Mwambie kasema msemaji wake." Akamwashiria Pandikizi, na droo ikala kidole cha pete.

Niliandika: kasema msemaji wake. Nesi akajibu: "Msemaji yupi? Mama yule hata mpishi hana. Lete jina, lete picha."

Droo ikala kidole cha kati. Kaka alitapika kwenye taulo safi. Hapo nikaelewa tulipofikia, na nakiri sikuwa na mzaha wowote mdomoni. Nesi wa watu, kwa uaminifu wake, alikuwa anamvunja kaka yangu vidole, na hajui. Akiendelea kuuliza, mkono unakwisha. Akichoka akaipitisha, uongo unakwenda kwa kila aliyetuamini, na Kaka atakuwa amevunjwa bure.

"Msipitishe," Kaka alinong'ona sakafuni. "Hata mkono wote."

Nikafuta machozi, nikavaa sura ninayovaa mbele ya mwalimu wa nidhamu.

"Shikamoo, mzee."

"Sasa ndiyo unaniamkia?"

"Nilikuwa sijajua naongea na nani. Mzee, yule dada hatachoka. Mpe picha. Kaa hapa kitini, wewe ndiye msemaji. Kwa suti hiyo nani atabisha?"

Alijitazama. Tai aliinyoosha. Akaketi, akakizungusha kiti kunielekea, mgongo kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Nilimpangusa mabega kwa brashi ya Kinyozi, nikampaka poda kwenye paji la uso, maana alikuwa anang'aa.

"Tokeni kwenye picha nyie!" aliwafokea Pandikizi na Kaka. Pandikizi akamburuta Kaka mpaka nyuma yangu, akasimama juu yake na nondo yake, mtiifu kama kiranja.

"Tabasamu kidogo, mheshimiwa."

Akatabasamu. Nikapiga. Akataka kuiona, nikampa simu. Aliukuza uso wake, akautazama upande huu na upande ule, akaridhika.

"Tuma."

Nesi hakuuliza kitu. Imepita. Mwenye Tai akaisoma habari yake kwenye simu yake mwenyewe, kichwa kikubwa kizuri: Mama Jaji Amejitoa, Asema Msemaji. Kaka alinitazama kutoka sakafuni kama mtu aliyeuzwa na ndugu. Kisha Mwenye Tai akashuka chini ya picha, mahali Nesi alipoongeza maneno yake, na midomo yake ikaanza kwenda polepole.

"Msemaji wa nani huyu? Tazameni kioo nyuma yake. Ni kwa Kinyozi. Kimbilieni huko."

Aligeuka kutazama kioo. Kilikuwa na kila kitu: mimi, Pandikizi, nondo, na kaka yangu na mkono wake.

Ngumi yake ilinikuta sikioni. Nilipofumbua macho, jiwe lilikuwa limeshapita dirishani na kioo cha dirisha kimemwagika, na mtaa ulikuwa unaingia. Walikuja mafundi simu na bisibisi zao. Walikuja watu wa mpira. Walikuja kina mama wa nepi, mmoja na mtoto mgongoni. Mwenye Tai alitorokea mlango wa nyuma, tai ikabaki kwenye kitasa. Pandikizi hakupata mlango. Walimwangusha kwenye vioo, wakampiga mateke kwa mpigo mmoja, wakiimba sentensi yetu: "Mama Jaji!" mbavu. "Ingia!" mbavu. "Ulingoni!" uso. Nilicheka, nikarekodi. Kisha akaanza kumwita mama yake, na wao hawakuacha, nami nikaacha kucheka.

Hospitali ina wodi moja ya majeruhi wanaume. Kwa hiyo Kaka alilazwa kitanda cha dirishani, na Pandikizi cha pili yake, wakitenganishwa na kijimeza cha dawa.

Mama Jaji alikuja na machungwa. Ni mwembamba kuliko kwenye magazeti. Aliutazama mkono wa Kaka, vidole vitatu ndani ya plasta.

"Nani aliwatuma, wanangu?"

"Hakuna, mama. Tulijituma."

"Na huyu? Nani kamvunja?"

Nesi alijibu kwa niaba yetu, akitazama dripu. "Wafuasi wako, mama."

"Wakiimba jina langu. Nimeambiwa. Hilo mmeliandika?"

"Alinivunja vidole!" Kaka alisema. "Tukichapa hiyo, mama, wamepata la kutusema. Tumekwisha."

"Mkiichapa, nitajua kama nina watu au nina genge."

Niliandika, kwa kuwa ndimi mwenye mikono mizima. Sikumficha mtu, hata mimi na kicheko changu.

"Nani kasema, na picha iko wapi?" Nesi aliuliza. Nikampa simu. Aliitazama video mpaka mwisho, uso umekaza, akaipitisha. Nikampelekea Kaka simu yake kitandani. Mkono mmoja una plasta, mwingine una dripu. Pandikizi alifumbua jicho moja, lile lililokuwa linafumbuka, akamtazama.

"Usinitazame, shetani," Kaka alisema.

Akainama, akaibonyeza kwa pua.

"Imepita," alisema Nesi.

Mama Jaji aliweka chungwa moja kwenye kijimeza, upande wa Pandikizi, akaanza kutafuta miwani kwenye mkoba.

"Haya, lete hapa hiyo simu, binti. Na mimi nina la kuandika, lile ambalo hamkuniuliza."

"Sawa, mama," Nesi alisema. "Lakini haiendi hewani mpaka wawili waipitishe."