Daftari la Gari la Zamani

Ngigi alifika kwenye lango la kinu cha mbao pale Elburgon saa moja kasoro dakika kumi, akakuta gari jipya limeshawashwa. Lilikuwa Datsun 1600 SSS, jeupe, limeinama chini kana kwamba linataka kuondoka lenyewe. Cortina ya zamani ilikuwa na kawaida ya kukohoa kwanza, tena asubuhi za baridi ikohoe mara tatu. Hili lilikuwa limeitika kwa ufunguo wa kwanza.

"Umechelewa," Jasvinder alisema. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Tulisema saa moja."

"Basi mimi nimewahi. Ingia."

Ngigi aliingia upande wa kushoto, akaweka daftari magotini. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yake tangu mwaka wa sitini na nane: kukaa kushoto kwa Jasvinder katika mashindano ya magari na kumsomea njia. Siku za kazi alikuwa karani wa kinu, mtu wa kupima mbao na kuandika urefu wake, na Jasvinder alikuwa mtoto wa mwenye kinu, Mzee Darshan. Uani alimwita Bwana Jasvinder. Ndani ya gari alimwita Jassi, kwa sababu jina refu hula muda na kona haingoji mtu. Walikuwa wamekubaliana hivyo siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kusahau.

Daftari lilikuwa na jalada la turubai alilolishona mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na kila kona, kila mto na kila daraja kutoka Elburgon mpaka huko Kuresoi, na kando ya kila jambo, hesabu ya maili. Alikuwa ameziandika kwa miaka mitatu, akitazama namba zikigeuka kwenye dashibodi ya Cortina. Ukungu wa Mau ukishuka, dereva haoni mbali kuliko pua ya gari lake. Siku kama hizo waliendeshwa na daftari.

"Nikuambie ukweli kabla hatujatoka," Jasvinder alisema. "Dhirajlal anakuja leo saa tisa. Yule wa Nairobi."

"Anakuja kuangalia gari?"

"Anakuja kukaa hapo ulipokaa."

Ngigi alifungua ukurasa wa kwanza, ingawa aliujua kwa moyo.

"Baba anasema gari mpya inataka kichwa mpya. Mimi nimemwambia angoje. Twende Keringet, turudi. Tukienda vizuri, Dhirajlal atakunywa chai arudi kwao. Lakini usinisomee kama mwalimu wa Sunday school, Ngigi. Hii gari si ile."

Harbans, fundi wa kinu na mdogo wake Mzee Darshan, alikuja akainamia dirisha akifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi.

"Jassi, sikia. Hii iko na tairi yake ya kutoka dukani. Haina miguu ya tembo kama ile Cortina yangu. Ukiingia matope, usinililie."

"Chacha, hii haitaingia matope. Itapita juu."

"Hata Cortina ulisema hivyo," Harbans alijibu, "halafu ukalala ndani yake."

Kweli walilala. Ilikuwa mvua za mwaka wa sitini na nane, karibu na Keringet, matope mpaka kwenye milango. Waliporudi, Harbans aliivalisha Cortina matairi makubwa yaliyobaki kidogo tu kukwaruza bodi, na tangu hapo haikukwama tena. Mwezi huu ilikuwa imeuzwa kwa mwenye bucha wa Kikopey, aliyeyapigapiga yale matairi kwa kiatu na kusema mbuzi watasafiri kama mabwana.

Pale langoni, Ngigi alirudisha kihesabio cha maili kwenye sifuri, kama alivyofanya siku zote. Wakaondoka.

Hadi nje ya mji mambo yalikuwa sawa. Kisha msitu ukakaribia barabara na ukungu ukashuka juu yake, mzito, mweupe, wenye maji. Jasvinder hakupunguza mwendo. Gari lilishika murram, changarawe nyekundu ya barabara, vizuri kuliko Cortina, hilo Ngigi alilikubali moyoni. Lakini kila kitu kilikuja haraka, na sauti yake mwenyewe ilimfikia masikioni kama ya mtu anayekimbia nyuma ya lori.

"Maili nne kamili," alisoma. "Josho la ng'ombe, halafu kushoto kali."

Jasvinder alipiga breki, akaukata usukani kidogo kushoto. Mbele yao barabara iliendelea kunyooka. Josho likaja baadaye kidogo, na kona nyuma yake.

"Umesoma mapema."

"Naona."

"Usiogope gari, Ngigi. Soma tu."

Ngigi hakukasirika. Alifikiri huenda ni kweli. Pengine mwendo huu ulikuwa umemtia hofu bila yeye kujijua, na mtu mwenye hofu husema mambo kabla ya wakati wake. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaandika pembeni ya ukurasa namba aliyoiona kwenye dashibodi josho lilipopita: nne, mbili ya kumi.

Kwenye maili kumi alisoma njia ya reli. Safari hii alihakikisha namba zimefika kumi kamili ndipo akafungua mdomo. Jasvinder alikanyaga breki kwa nguvu, gari likayumba, na reli haikuwepo. Walitambaa mpaka wakaipata. Ngigi aliandika: kumi, tano ya kumi.

"Unanichezea?" Jasvinder aliuliza.

"Hapana, Jassi."

"Basi nini? Miaka mitatu hukukosea hata kona moja. Leo ndiyo siku ya kukosea? Leo?"

Walipita Molo. Watu wachache waliovaa nguo za kanisani waliruka kando ya barabara. Kwenye maili kumi na sita ilikuwa kona ya shule, na Ngigi alisoma kwa sauti ile ile ya pole aliyoizoea. Jasvinder hakukanyaga breki kabisa. Alisubiri. Kona ikaja yenyewe, mbali, akaichukua kwa ustadi na kucheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Unaona? Macho yangu yanatosha."

Ngigi aliandika: kumi na sita, nane ya kumi. Akazitazama namba zake tatu. Mbili. Tano. Nane.

Mtu mwenye hofu hakosei hivi, alifikiri. Hofu hukosea ovyo, mara sana, mara kidogo. Hizi zilikuwa zikipanda kwa mpango.

Hapo ndipo alipokumbuka tepu ya Wangare. Wangare alikuwa akipima naye mbao uani, na mwaka uliopita tepu yake ya kitambaa ilisahauliwa nje kwenye mvua siku mbili, ikakaushwa juani, ikarudishwa kazini. Mbao fupi zilitoka sawa, hakuna aliyeona kitu. Lakini boriti za paa la kanisa moja zilitoka zimezidi kwa futi nzima, na mafundi wakapanda kinuni kuuliza ni nani huko asiyejua kuhesabu. Tepu ilikuwa imevutika. Ilidanganya kidogo kwenye kitu kifupi na sana kwenye kitu kirefu, na kwa kuwa walipimia tepu hiyo hiyo kila siku, ilionekana mkweli.

Cortina ndiyo iliyokuwa tepu iliyovutika. Miguu ya tembo ya Harbans. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kila maili, na kihesabio huhesabu mizunguko tu. Kwa miaka mitatu Cortina ilikuwa ikihesabu pungufu, naye akiandika pungufu, na ilimradi walitumia gari lile lile, kila kona ilikaa mahali pake. Gari jipya lilikuwa likihesabu sawasawa.

"Jassi, nimejua kosa liko wapi. Zile tairi za—"

"Daraja ni maili ngapi?"

"Daftari linasema ishirini na mbili, lakini—"

"Ishirini na mbili. Sawa. Hii ya mwisho nakupa. Tukifika ishirini na mbili nasimamisha. Kama daraja haliko, funga hilo daftari."

"Halitakuwepo. Ndiyo nakuambia."

"Umelisikia neno lako mwenyewe?"

Barabara ilikuwa imeanza kuteremka. Daraja lile lilikuwa la magogo, bila ukingo, mwisho wa mteremko, na kulifikia lazima ukate kulia ghafla. Zamani walilijua kwa mwerezi mmoja mkubwa uliosimama juu yake, lakini mwerezi ule ulikwisha kukatwa. Ulipasuliwa kinuni kwao, na Ngigi ndiye aliyeupima.

Namba zilifika ishirini na mbili. Jasvinder alikanyaga breki kwa miguu miwili. Gari liligeuka upande, likateleza, likasimama likiwa limekingama barabara. Hakukuwa na daraja wala sauti ya mto, ukungu tu.

"Liko wapi?" Jasvinder alisema. "Eeh? Limeenda kanisani?"

"Liko mbele. Maili moja na kidogo."

"Funga daftari."

Alilinyoosha gari, akaliachia. Ngigi aliona mshale wa mwendo ukipita arobaini, ukipita hamsini. Alipiga hesabu mara ya pili ili asimdanganye mtu: kwenye nne, sehemu mbili za kumi; kwenye kumi, tano; kwenye kumi na sita, nane; basi kwenye ishirini na mbili, kumi na moja. Daraja lilikuwa kwenye ishirini na tatu na moja ya kumi. Kihesabio kilionyesha ishirini na mbili na nne ya kumi.

"Jassi, punguza."

Mshale ulipita sitini.

"Jassi."

Ishirini na mbili na sita. Ngigi alifikiria breki ya mkono, akaiacha. Kwenye utelezi ule ingewaua yeye na mwenzake kwa haraka zaidi. Hakuwahi kumpigia mtu kelele na hakujua kama angeweza. Alilifunga daftari, akalitia ndani ya koti, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Bwana Jasvinder, nishushe."

Jasvinder aligeuza uso. Ndani ya gari, kwa miaka mitatu, hakuwahi kuitwa hivyo.

"Nini?"

"Nishushe hapa. Mpe kiti Dhirajlal. Nitarudi kwa miguu."

Gari lilipungua, likateleza, likasimama. Ishirini na mbili na tisa. Jasvinder aliinama mbele yake, akamfungulia mlango mwenyewe.

"Shuka, basi. Shuka!"

Ngigi alishuka. Lakini hakurudi nyuma kuelekea Elburgon. Alipita mbele ya gari, akasimama katikati ya barabara, akaanza kutembea kuteremka na mlima.

Honi ilipigwa nyuma yake. Hakugeuka. Sehemu ya kumi ya maili ni yadi mia na sabini na sita. Aliijua kwa kupima ua wa kinu. Zilibaki sehemu mbili. Mia tatu hamsini na mbili, na hatua yake ndefu ilikuwa kama yadi moja. Alizihesabu kimoyomoyo. Gari lilikuja nyuma yake kwa gia ya kwanza, taa zake zikimulika mgongo wake, honi ikilia bila kukoma.

"Toka barabarani!" Jasvinder alitoa kichwa dirishani. "Umepata wazimu? Ngigi! Unataka nikukanyage?"

Themanini. Mia na ishirini. Kulikuwa na nafasi ya gari lile kumpita kushoto kwake, na Ngigi alipolisikia likijaribu, alisogea kushoto. Lilipojaribu kulia, akasogea kulia. Mia mbili. Kama hesabu yake ilikuwa na kosa, angekuwa amepoteza kiti na heshima kwa siku moja, na kinu kizima kingesimulia karani aliyeswaga gari jipya kama ng'ombe.

Mia tatu. Hakusikia mto. Mia tatu na thelathini. Honi ilikuwa inalia bado, pengine ndiyo iliyoufunika. Mia tatu hamsini. Hamsini na mbili. Murram tu. Akaendelea, kwa kuwa hakujua la kufanya lingine. Mia tatu na sitini na moja, na kiatu chake kikagonga gogo.

Alisimama, akainua mkono.

Honi ilinyamaza, na mto ukasikika: wa kahawia, umejaa, chini yao kabisa. Jasvinder alishuka akaacha mlango wazi. Alitazama daraja, magogo manne yenye kuteleza, limelala upande wa kulia. Kisha akatazama upande wa kushoto, pale ambapo mteremko uliendelea kwenda moja kwa moja hewani. Alisimama mikono kiunoni, kilemba chake kikikusanya matone.

"Nilikuwa sabini karibu," alisema.

"Sitini na nane."

"Ulijuaje?"

Ngigi alimweleza habari za tepu ya Wangare na za matairi ya Harbans. Jasvinder alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Kwa hivyo daftari iko na makosa yote."

"Halina kosa. Ni la Cortina."

"Kurasa ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Mashindano ni wiki mbili." Jasvinder aliufuta uso kwa kiganja. "Unaweza kuzigeuza?"

"Kwa hesabu naweza usiku mmoja. Lakini hesabu peke yake siiamini. Lazima nikione kila kitu tena, nikiandike upya."

"Kwa mwendo gani?"

"Maili kumi na tano kwa saa."

Jasvinder aliligeukia gari jeupe lililokuwa likinguruma juu yao kwenye ukungu, akalitazama kama mtu aliyemnunulia mkewe viatu vya dansi na sasa anaambiwa aende navyo shambani.

"Na Dhirajlal?" Ngigi aliuliza. "Saa tisa hatutakuwa tumefika."

"Atakunywa chai."

"Akimaliza?"

"Atakunywa ingine. Ingia, bwana. Kunanyesha."

Walilivuka daraja taratibu, wakaendelea hadi Keringet, na pale Ngigi akarudisha namba kwenye sifuri na kufungua ukurasa mtupu. Waliporudi, ukungu ulikuwa umeinuka. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Molo, mtu wa baiskeli mwenye mikebe miwili ya maziwa aliwakuta kwa nyuma, akapiga kengele, akawapita.

"Boss!" alipaza sauti bila kugeuka. "Hiyo mpya imekufa? Niwafungie kamba?"

Shingo ya Jasvinder ilikuwa nyekundu, lakini mguu wake haukusogea.

"Soma," alisema.

"Hakuna cha kusoma bado, Jassi," Ngigi alisema, huku akinoa penseli. "Naandika."