Kiapo cha Miaka Kumi na Saba

Maalim Mwidani bin Boga hakuzoea kuitwa mwongo. Alikuwa amesomesha Likoni miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo wako waliomwita mkali, wako waliomwita mwenye kiburi, naye majina yote mawili aliyapokea kama haki yake. Lakini alasiri moja ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1962, watu walipokuwa wakitoka msikitini, Yeslam mwenye duka alimpa jina la tatu mbele ya jamaa.

"Maalim, kiapo cha uongo kina kafara yake," alisema Yeslam huku akivaa viatu bila haraka. "Au wasomi mmesamehewa?"

"Nani aliyeapa uongo?"

"Wewe. Umevuka maji ukaapa mbele ya hakimu kuwa mjukuu wako ametimiza miaka kumi na saba. Mimi na mke wangu tulikula pilau ya arobaini yake, na vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha. Hamdun wangu alizaliwa vita vingali vikipiganwa. Hesabu mwenyewe, wewe ndiwe mwalimu."

Watu wakasimama. Hapakuwa na aliyehitaji kuelezwa. Serikali ilikuwa imetoa nafasi mbili kwa pwani nzima za kwenda Bara Hindi kusomea shahada ya famasia, moja kwa moja kutoka sekondari, bila kukaa mwaka wa matayarisho. Moja ilikwenda kisiwani. Ya pili aliipata Kuluthum, mjukuu wa Maalim, aliyelelewa naye tangu babake alipofariki. Sharti lililobaki lilikuwa umri: mwanafunzi awe ametimiza miaka kumi na saba kabla ya tarehe mosi Oktoba. Kuluthum alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga na hakuwa na cheti, ndipo Maalim akaenda kumwapia. Na wa kwanza katika orodha ya akiba alikuwa Hamdun, mwana wa Yeslam.

"Sema utakalo, tukuelewe," alisema Maalim. "Wataka mwanao apande meli kwa mgongo wa binti yangu. Usiitie dini katika biashara."

"Mimi nauza mchele, Maalim. Siuzi miaka."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko hicho kilimchoma Maalim kuliko maneno yenyewe.

"Ngojeni hapa hapa. Asiondoke mtu!"

Akaenda nyumbani kwa hatua za kijana na kurudi na msahafu wake mkubwa, ule ambao katika ukurasa wake wa mwanzo aliandika kwa mkono wake vizazi na vifo vyote vya nyumba yake. Akaufungua mbele yao, akasoma kwa sauti ya darasani.

"Kuluthum, Ijumaa, tarehe saba Safar, mwaka wa elfu moja mia tatu sitini na tano. Na sasa tuko mwaka wa themanini na mbili, na Safar imekwisha pita. Kumi na saba kamili! Mwongo ni nani?"

Yeslam hakutazama hata ukurasa. "Hiyo ni miaka yetu, Maalim. Hakimu alikuuliza miaka ya nani?"

Maalim aliinamia tena tarehe aliyoiandika. Miaka ya nyumba yake ilikuwa ya mwezi mwandamo. Kwa hesabu hiyo walifunga, kwa hiyo walitoa zaka, kwa hiyo wajane walikaa eda na watoto walihesabiwa umri. Karani wa mahakama alimwuliza kama binti ametimiza kumi na saba, naye akajibu kwa fahari kuwa ametimiza, yapata wiki mbili sasa. Karani akatoa kumi na saba katika mwaka wa Kizungu, akaandika 1945, na Maalim akatia sahihi bila kuutazama mwaka ule. Sasa, mbele ya watu, akili yake ilifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya. Kila mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku kumi na moja. Mara kumi na saba. Miezi sita. Kuluthum angetimiza Januari.

Akafunga msahafu, akaondoka bila kumuaga mtu.

Nyumbani alimkuta mkewe, Bi Mwanasaumu, akipepeta mchele uani, na Kuluthum akimsomea barua ya chuo kwa mara ya kumi. Akawaeleza akiwa amesimama wima, kwa maneno machache, kama mtu asomaye hukumu ya mwingine.

"Kesho navuka. Naenda kukifuta kiapo."

Bi Mwanasaumu akaweka ungo chini. "Yeslam hana karatasi, ana mdomo tu. Msahafu ni wetu. Ufunge kabatini, unyamaze, mtoto aende zake."

"Niliapa nikiushika msahafu, mke wangu. Nirudi niufiche huo huo?"

"Na mimi?" akauliza Kuluthum. Hakuwa akilia. Afadhali angelia, maana uso ule mkavu Maalim aliujua, ulikuwa wake mwenyewe. "Kemia nimekuwa wa kwanza. Hesabu wa kwanza. Wazungu watatu wamenihoji nikawajibu. Hesabu umekosea wewe, Babu, nikose chuo mimi? Jina lako litakate kwa sabuni yangu?"

"Chunga ulimi wako! Shahada iliyojengwa juu ya kiapo kibovu haina baraka."

"Nikuulize moja, Babu, kisha ninyamaze. Kama Yeslam angekuita kando akakwambia kwa siri, pasiwe na watu wa kucheka, ungekwenda?"

Maalim alipiga bakora yake sakafuni kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. Alisema kuwa watoto wa shule za siku hizi hawana adabu, kuwa yeye hahojiwi katika nyumba yake, kuwa wallahi angalikwenda. Akayasema mara mbili. Mara ya pili hata yeye hakujisadiki.

Asubuhi alipofika kwenye feri, Kuluthum alikuwa ametangulia, amejifunga buibui lake, amesimama mbali naye. Maalim hakumwita, wala hakumfukuza.

Karani wa mahakama, kijana aitwaye Katana, alisikiliza maelezo yote huku akitabasamu kwa adabu.

"Mzee wangu, faili limekwisha kwenda. Na miezi sita ni nini? Kuna watu huja hapa wakijiongezea miaka kumi, tunawagongea mhuri wanakwenda zao."

"Mimi si watu. Andika."

"Utamharibia mtoto kwa kosa asilolijua mtu."

"Wewe ndiwe uliyeandika mwaka nisioutaja!" Maalim alinguruma hata waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Ulitoa kumi na saba bila kuuliza mwezi wala kalenda, nami nikatia sahihi bila kusoma. Makosa mawili, ya wasomi wawili. La kwangu nimelileta. Andika, ulete na la kwako!"

Katana akaandika, na tabasamu likamtoka.

Waliipeleka karatasi ile katika ofisi ya masomo. Afisa, Mzungu mwenye uso mwekundu, aliisoma, akachukua kalamu, na papo hapo akalipiga mstari jina la Kuluthum. Chini yake akaandika la Hamdun. Maalim alikuwa amejitayarisha kuambiwa walau kuwa yeye ni mtu mwaminifu. Hakuambiwa neno.

"Bwana, andika na sababu," alisema Kuluthum, akisogea mbele ya babu yake. "Andika kuwa nimetolewa kwa umri, si kwa alama. Na tarehe kumi na moja Januari nitakuwa nimetimiza. Nafasi zitakuwapo mwakani?"

Afisa akamtazama kwa mara ya kwanza, akaandika maneno mawili matatu. "Mwakani serikali huenda ikawa yenu. Mwulizeni atakayekikalia kiti hiki."

"Basi nipe fomu."

"Za mwakani hazijachapishwa."

"Nipe ya mwaka huu. Nitaukata mwaka nitie mwingine."

Alimpa, pengine ili aondoke tu.

Katika feri ya kurudi walisimama ubavu kwa ubavu hadi walipofika katikati ya maji.

"Kuluthum," alisema Maalim, "haki ni chungu, lakini..."

"Abee, Babu. Haki umeipata wewe. Mimi nimepata fomu."

Hasira ilikuwa bado imemkaa Maalim kifuani, lakini hakujua tena amwelekezee nani. Yeslam alikuwa amesema kweli, Katana alikuwa amehesabu kwa alichoambiwa, na binti huyu hakuwa na kosa lolote duniani.

"Januari nitakuja tena kwa hakimu," akaendelea Kuluthum, macho yake yakiwa Likoni. "Siku hiyo nitaapa mwenyewe."

Katika ukoo wa Boga hapakuwa na mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya hakimu ilhali mzee wake yu hai. Maalim alitaka kulisema hilo. Feri ikagusa nchi kavu, watu wakaanza kusukumana.

"Nitakusindikiza," akasema hatimaye. "Hadi mlangoni."

"Mlangoni, Babu. Si ndani."

Akatangulia kupanda mteremko na fomu yake mkononi, wala hakugeuka kutazama kama anafuatwa. Maalim Mwidani, ambaye maishani mwake hakuwahi kutembea nyuma ya mtoto, akaishika bakora yake, akamfuata.