Karibu ya Nne

Jana usiku niliota nikiwa nimelaza kichwa mezani kazini, na kusema kweli hata ndotoni nilikuwa hoi.

Kazi yangu ni kutengeneza bahari ndani ya kompyuta. Naichafua kwa mawimbi, naweka kitu juu yake, halafu narusha miale ya rada nione mwangwi unavyorudi. Mradi ni wa kituo cha uokoaji, kinachotafuta watu waliopotea baharini. Mkubwa wangu, Bwana Tindwa, anapenda picha safi. "Vimwangwi vidogo futa, Mwanaidi. Ni kelele za maji tu." Nilichoka kubishana. Nikafuta, nikasinzia.

Basi nimesimama ndani ya bahari yangu, maji kiunoni. Rada imekaa juu ya kigoda, imejifunga kanga, inapunga hewa.

"Leo siwezi," inasema. "Piga hodi mwenyewe."

Napiga. Mawimbi yote yanaitika, "Karibu! Karibu!" na hakuna hata moja lenye nyumba.

"Nyamazeni, sijaja kwenu!"

"Umepiga hodi, tumeitika," linasema wimbi la karibu, limenuna. "Au sisi hatukulelewa?"

Mbele kuna boya. Juu yake amekaa mdogo wangu Makame, fundi wa taa za maboya, amekunja suruali kama yuko barazani. Boti iliyomleta haionekani.

"Hodi, Makame!"

Karibu yake inakuja moja kwa moja, nyembamba, na Rada inaikata kwa mkasi. Napiga hodi tena. Karibu ya pili imejigonga majini njiani, inafika imelowa. Inakatwa. Ya tatu vilevile.

"Unakata kwa amri ya nani?" nafoka.

"Yako," inasema Rada, inapiga miayo.

Sasa tumo ofisini kwa Bwana Tindwa, maji magotini. Anakunywa chai, anatazama picha ukutani. Boya limo, Makame anafifia.

"Dada," anaita kutoka ukutani, "mbona miguu yangu siioni?"

"Picha safi hiyo," anasema Bwana Tindwa. "Hodi tatu zimetosha. Usipoitikiwa unaondoka, ndiyo adabu."

Nimechoka, miguu inaniuma, na adabu ninayo. Lakini mdogo wangu ameshafutika hadi kifuani. Napiga hodi ya nne.

Mawimbi yote yananyamaza kwa aibu. Kisha inakuja karibu moja iliyokwenda kwa maji na kurudi kwa maji, imechelewa, imelowa chapachapa. Haipiti kwenye mkasi. Inaniingia sikioni.

Nikaamka shingo imekakamaa. Kumekucha, na kwenye kompyuta ile picha safi bado inang'aa. Nilipoinamisha kichwa maji yakanitoka sikioni. Nikayaonja. Ya chumvi.

Mkono mmoja ukaanza kurudisha vimwangwi vyote nilivyofuta, Bwana Tindwa atajua mwenyewe. Mwingine ukampigia Makame. Simu ikaita, ikaita, ikaita. Sikukata.

"Dada," akasema mwishowe, sauti imemkauka kabisa.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Ndiyo natoka, leo nina taa ya boya la nje."

"Na sauti imefanyaje?"

"Hata sielewi. Mke wangu ananinunia, anasema nimemkosesha usingizi. Eti usiku kucha nilikuwa naitika karibu."