Moto wa Chini ya Dembo

Penye wazee, neno huharibika. Mimi nimeliona likiharibika mchana kweupe, wazee wenyewe wakilipigia makofi.

Ilikuwa Kasungami, mvua zilipokwisha, siku Citoyen Kalenga, "mwananchi" kama ilivyotubidi kuitana wakati ule, alipoitisha mkutano wa shamba. Shamba lile lilikuwa la Mgiriki mmoja hadi mali za wageni zilipogawiwa wananchi. Likamwangukia Kalenga, mtu wa chama, aliyekaa mjini na kuja kwetu na suti ya abakosti ya kijivu isiyojua vumbi. Aliniajiri mimi kuwa agronomu wake, kwa sababu nilikuwa na diploma ya kilimo na kwa sababu mama yangu anaishi palepale, hivyo sikuhitaji kupewa nyumba.

Alitaka kukausha dembo. Dembo ni bonde letu la udongo mweusi, linaloshika maji hata katika jua la mwezi wa tisa. Nchi yote ikikauka, wanawake hulima humo matuta ya lengalenga na maharage, na kisima chetu kiko pembeni yake, chini tu ya nyumba. Kalenga alitaka bwawa huko juu, lizuie chemchemi na kunywesha mahindi ya kiangazi kwa pampu ya motopompe. Huku chini alitaka mfereji wa kutoa maji yaliyobaki, ili mwaka utakaofuata trakta iingie bondeni.

Nilisimama. Nilisema mahindi ya kiangazi yanawezekana bila kuua bonde: tulime kandokando, tupande maharage katikati ya mistari, tuzuie maji kwa vibao vidogo vya kufungua na kufunga. "Udongo ule ni majani na mizizi iliyooza tangu zamani," nikasema. "Ukilowa, ni chakula. Ukikauka, ni kuni."

Kalenga akatabasamu. "Citoyenne Mutale, kumbe kwa masomo banakufundisha udongo inawaka? Basi tuipime kwa mifuko, tuuzishe bantu ya Bel-Air kule mjini, sawa makala ya kupikia."

Wakacheka. Mzee Kabwe, shefu wetu wa kijiji, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mutoto, ile dembo tunaichoma kila mwaka tangu enzi ya ba nkambo betu. Siku gani ulisikia imekula muntu?"

"Mulikuwa munaichoma na maji chini, Baba. Moto ilikula majani, ikakuta maji, ikakufa. Sasa itakuta nini?"

"Itakuta mademoiselle na diploma yake," akasema Kalenga. Hapo ndipo wazee walipopiga makofi.

Bwawa likajengwa, mfereji ukachimbwa. Bonde likashuka polepole kama mkate uliotolewa motoni mapema, likapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mama alianza kubeba maji ya matuta yake kutoka kisimani, na kisima chenyewe kikawa kinatoa maji ya rangi ya chai. Nilimwambia Kalenga. Akanionyesha mahindi yake kule juu, mabichi, marefu, na kwa kweli yalikuwa mazuri. Mgeni mkubwa kutoka mjini angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tisa kuyaona.

Wiki moja kabla, wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ambayo hakuna aliyethubutu kuikosa, Mzee Kabwe aliamuru dembo lichomwe, kama kila mwaka, mgeni akute mahali safi. Niliwaambia hapana. Nilisimama mbele ya watu wenye vijinga vya moto mikononi, watu walionibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, nao wakanizunguka kwa adabu, kama unavyozunguka kisiki. Majani yaliwaka vizuri. Kufikia jioni yalikuwa majivu, na kila mtu akaenda kula bukari yake.

Asubuhi moshi ulikuwepo bado. Haukutoka kwenye majani, maana majani hayakuwapo. Ulitoka kwenye nyufa, mwembamba, wenye harufu ya nywele zilizoungua. Siku iliyofuata mti wa kandokando ulianguka pasipo upepo. Tulipoutazama, haukuwa na mizizi. Kuku waliacha kushuka bondeni. Nilivua viatu na kusimama pale ambapo udongo ulionekana mzima, nikahisi joto likipanda kwenye nyayo, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala chini yake.

"Itazimika," alisema Mzee Kabwe. Lakini hakuwa akicheka.

Kesho yake mama alishuka kuchuma lengalenga kabla hazijanyauka. Nilimwona toka juu. Alikanyaga njia ileile aliyoikanyaga tangu anizae, na njia ikafunguka. Mguu wake ukazama hadi gotini katika makaa. Hakupiga kelele, alikaa chini tu, akashika mguu na kunitazama, kama aliyetaka nimweleze jambo hilo. Nilimvuta kwa kitenge chake. Ngozi ya mguu ilibaki kwenye kitenge.

Niliporudi kutoka kumfunga jeraha, ufa mpya ulikuwa unafuka moshi hatua chache kutoka kisimani. Juu ya kisima zipo nyumba.

Nilimkuta Kalenga kwenye tuta la bwawa, akikagua motopompe.

"Fungua bwawa, Citoyen. Bonde likijaa maji, moto utakufa."

"Na mahindi?"

"Mama yangu ameungua mguu."

"Nilisikia. Pole sana. Jumamosi mgeni akienda, tutafungua."

"Jumamosi moto itakuwa mu manyumba."

"Citoyenne," akasema kwa sauti ya chini, "hii maji iko ya mgeni. Ukiigusa, mimi siwezi kukusaidia."

Akapanda gari lake akaenda mjini. Nilichukua jembe la mama. Wanawake wa Kasungami waliniona nikipanda na jembe wakati ambao si wa kulima, wakaelewa. Walikuja na yao. Tulilikata tuta. Maji yalitoka kwanza kama mkojo wa mtoto, kisha yakabeba ukingo wote na motopompe juu yake. Yalipofika bondeni, ardhi ilipiga mluzi. Mvuke ulifunika kisima, nyumba, na sisi wenyewe.

Jumamosi mahindi yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Mgeni alikaa chini ya turubai, ukingoni mwa bonde. Hakuvua miwani yake myeusi. Nyuma ya viti, gari lilisubiri likiwa na mlango wazi, na wanaume wawili nisiowajua. Kalenga alinisimamisha mbele ya watu wote.

"Hii mutoto ameharibu mali ya taifa. Lakini taifa ni baba. Aombe tu pardon, iishe."

Mzee Kabwe alitazama chini. Mama alikuwa ameketi mbele, mguu umefungwa kwa matambara. "Mutale, mwanangu," akasema, "omba pardon. Nakuomba miye."

Karibu nimtii. Kisha nikaona, nyuma ya kiti cha mgeni, upande ambao maji hayakufika, uzi mwembamba wa moshi ukitoka ardhini. Mgeni aliinua kiatu kimoja, akakitazama, akakirudisha chini.

"Siombi radhi," nikasema. "Leo siombi, na nikiulizwa ndani ya gari lile, huko nako sitaomba."