Watoto wa Kanja Wangoja Ruhusa

Seva ya hospitali, iliyotunza daftari la watoto wanaozaliwa, ilihamishiwa chumba chenye feni huko Embu mjini, na mipangilio yake ikabadilishwa. Tangu hapo haikutosheka na jina la mtu. Iliuliza pia anatokea mashine ipi. Aliyetokea mjini aliruhusiwa kuandika. Aliyetokea zahanati ya Kanja aliruhusiwa kusoma, basi.

Wambeti, karani wa zahanati hiyo, hakuweza tena kuandikisha mtoto. Na watoto wa Kanja, ambao hufunzwa adabu mapema, wakaacha kuzaliwa. Mama zao walipita mwezi wa tisa, wa kumi, wakaketi kwenye benchi wakifuma sweta, na kuzifumua tena waongeze saizi.

Wambeti mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mumewe, Gitari, fundi wa seva ile ile, alirudi jioni akaliinamia tumbo.

"Vumilia, mami," aliliambia, kwani mtoto angeitwa Kagure, jina la mamake Gitari. "Haraka ya nini?"

"Haraka iko," Wambeti alisema. "Mgongo si wako."

Gitari akamwendea mkubwa wake, Ndambiri, ambaye peke yake aligawa ruhusa.

"Mzee, Kanja wape kuandika tu. Ruhusa ya kufuta baki nayo."

"Ukiwapa kuandika leo, kesho wataomba kiti changu," Ndambiri alisema, akikoroga chai. "Mama watoto anaendeleaje?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Msalimie sana."

Basi Gitari akamleta mkewe mjini, akamketisha kwenye mashine yake mwenyewe. Wambeti aliandika jina, akabonyeza, na Kagure akazaliwa papo hapo katikati ya nyaya, akiwa na meno mawili. Aliisikia sauti ya babake, akacheka, maana walikuwa wamezoeana. Nesi aliyekuja mbio kutoka wodini alimfunika kwa koti la Gitari. Ndambiri aliwapa pongezi, kisha akabadilisha mipangilio, mashine ile nayo ikabaki ya kusoma tu.

Wambeti alirudi kazini Kanja. Kila alasiri sasa huwasomea wanaongoja kwenye benchi majina ya watoto waliozaliwa mjini, polepole, akipita tumbo kwa tumbo.

Siku moja Gitari alikuja kukagua waya, akasimama mlangoni na Kagure begani. Cicily, mwalimu wa nasari, ambaye mimba yake ilikuwa imevuka mwaka, aliinua mkono.

"Rudia hilo la mwisho," alisema. "Huyu wangu amegeuka asikie vizuri."

Wambeti akarudia.